Mkanda wa Tangi la Mzee Khoo

Siku ya sita tangu binti Ooi atiwe mahabusu, Inspekta Kalsom alirudi peke yake nyumbani kwa marehemu, akavua viatu mlangoni, akapiga magoti mbele ya tangi lililopasuka. Mvua ya mji wa Taiping ilikuwa inanyesha kama kawaida yake, na sebule nzima bado ilinuka maji ya samaki.

Asubuhi ile mkubwa wake alikuwa amemwambia asijisumbue, kesi imekwisha. Mzee Khoo Teng Hai, miaka sabini, alikuwa amekaa mbele ya tangi akimlisha samaki wake mkubwa wa arowana. Kioo cha mbele kikaachia. Kipande kikamkata paja, na kabla gari la wagonjwa halijafika alikuwa ameshavuja damu yote. Tangi lilijengwa na Ooi Li Ping, fundi, miaka thelathini na nne. Mtaalamu alikuwa ameandika kurasa nne kwamba tangi lilikuwa pana kupita kiasi na kioo chake chembamba. Mwendesha mashtaka alilitaka faili kesho saa nne. Kusababisha kifo kwa uzembe ni hadi miaka miwili jela, na baada ya hapo hakuna mtu mjini atakayemwagiza huyo binti hata chupa ya kufugia kisamaki cha guppy.

"Na mwenyewe amekiri," mkubwa alisema. "Sasa unatafuta nini?"

Kukiri kwenyewe ndiko kulikomkera Kalsom. Katika miaka ishirini na miwili ya kazi aliwaona waliokiri kwa woga, waliokiri kwa kupigwa, na mmoja aliyekiri ili apate mahali pakavu pa kulala. Huyu alisema, "Nilijenga mimi, andika," kisha akafunga mdomo. Alipoulizwa amekosea wapi, akageukia ukuta. Fundi anayeandika hesabu kama yeye hawezi kukosa la kusema juu ya hesabu zake.

Kalsom alilifungua tena daftari la Li Ping, ukurasa wa tangi la Khoo, akausoma kwa mara ya kumi.

"Arowana. Sasa sm 38, akikomaa 65. Asipimiwe alivyo leo. Upana usipungue 90, ageuke bila kupinda mgongo. Urefu wa ndani 175. Kina 60 chatosha, samaki huyu ni wa juu, hana haja na chini. Kioo mm 12. Mkanda wa kioo juu katikati, toka mbele hadi nyuma, sm 15. Vifuniko viwili."

Akachukua futi yake na kupima kilichobaki. Urefu sawa. Upana sawa. Kina sawa. Mtaalamu alilalamikia upana, lakini hata bwawa la kijijini kwao Kalsom lilimfundisha mtoto yeyote kwamba ukuta husukumwa na kina cha maji, si na umbali wa ng'ambo ya pili. Bwana yule alikuwa mtaalamu wa vioo vya madirisha. Ndiye aliyepatikana siku ile, na kwa neno lake mtu analala sakafuni.

"Umepoteza nini humo, Inspekta?"

Alikuwa Bibi Tan Siew Gaik, mjane, amesimama na vikombe viwili vya chai ambavyo hakuna aliyeviomba.

"Bado sijajua, Bibi. Samaki yuko wapi?"

"Jikoni, kwenye pipa. Mzima wa afya." Mjane aliweka vikombe chini. "Miaka yote naambiwa, siku balaa likija nyumba hii samaki atalipokea yeye, atakufa yeye badala ya mwenye nyumba. Haya, nenda ukamwone alivyonenepa."

Kalsom alikwenda. Alimulika pipa kwa tochi, akamtazama yule samaki mwekundu akizunguka na ndevu zake mbili. Alichotaka kuona ni pua. Samaki aliyekigonga kioo hadi kikaachia angekuwa amechubuka mdomo, magamba yametoka. Pua ilikuwa safi. Basi si samaki.

"Ulimchukia," Kalsom alisema aliporudi.

"Sana. Alikula vyura wengi kuliko mimi nilivyokula kuku." Mjane alimkazia macho. "Unataka kuuliza kama nililigonga tangi kwa nyundo? Uliza. Wenzako wameniuliza kama mume wangu alikuwa mlevi."

"Uligonga?"

"Ningetaka kumuua samaki ningemnyima chakula. Mume nilimpenda, mjinga yule."

Kalsom aliamini. Aligeukia kona ya sebule, palipoegemezwa kifuniko cha plastiki ngumu, kirefu kama mlango, pembe zake zimepigwa msasa zikawa mviringo.

"Hiki kilikuwa juu ya tangi siku ile?"

"Ndiyo. Arowana bila kifuniko utamkuta sakafuni."

"Daftari la fundi linasema vifuniko viwili."

"Vilikuja viwili." Bibi Tan alikunja uso, akikumbuka. "Nilikwenda Ipoh kwa dada yangu Jumapili moja. Niliporudi nikakuta hicho kimoja. Mume wangu akasema, sasa tangi limekaa sawa. Mambo ya samaki mimi siulizi."

"Jumapili gani?"

"Wiki tatu kabla hajafa."

Vifuniko viwili vinahitaji kitu katikati cha kulalia. Kalsom alipanda kwenye kiti, akachungulia ukingo wa juu wa kioo cha nyuma, ambacho kilikuwa bado kimesimama. Katikati kabisa palikuwa na alama ya gundi, upana wake sentimita kumi na tano kamili. Gundi ilikuwa imekatwa laini, bila mkwaruzo, bila ufa. Alishuka, akalipekua sanduku la vipande walivyovizoa, kimoja kimoja, vidole ndani ya glavu. Hakuna hata kipande kimoja cha mkanda. Mkanda haukuvunjika na tangi. Uliondolewa kabla.

Siku mbili nyuma, akitaka kujua tangi hujengwa na kubomolewa vipi, aliwatembelea mafundi watatu wa matangi mjini, akawauliza pia gundi kavu hukatwaje. Wote watatu walimwonyesha kitu kimoja, uzi wa gitaa, ukivutwa huku na huku taratibu. Mtu mwingine angetumia kisu na kukichuna kioo.

"Bibi, ni fundi gani aliyekuwa akiingia humu?"

"Mwingine nani, kama si Ooi?" alisema mjane. "Baba wa huyo msichana. Miaka thelathini na moja kahawa pamoja kila asubuhi, na kila jioni hapa, wawili kwenye viti, wanamtazama samaki kama televisheni. Siku ya mazishi alilia kunipita mimi."

Karakana ya Ooi Kok Leong ilikuwa nyuma ya soko. Mzee alikuwa amekaa kwenye mkebe wa rangi uliopinduliwa, mbele ya tangi refu jembamba lisilo na maji.

"Umekuja kuchukua mwingine?" alisema bila kuinuka. "Tumebaki mimi na paka. Paka nakushauri umwache, anauma."

"Nimekuja kujifunza, Mzee Ooi. Tangi la samaki mkubwa linachaguliwaje ukubwa?"

"Sasa ndiyo unauliza, mwanangu yuko ndani siku ya sita." Alitema mate pembeni. "Kamba hukatikia pabovu. Mmeona mwanamke, kijana, jina lake ni jipya, mkamkamata. Tangi lile halina kosa. Mimi ndiye niliyemfundisha."

"Mnajenga sawasawa, wewe na yeye?"

"Hapana," alisema.

"Mnatofautiana nini?"

"Mimi najenga kwa futi hii." Alitoa mfukoni futi ya chuma yenye mistari ya rangi, nyekundu na nyeusi, maandishi madogo ya Kichina chini ya kila mstari. Kalsom aliwahi kuiona kwa maseremala, wakipimia milango na makaburi. "Nyekundu ni heri, nyeusi ni shari. Baba yangu hakukata kioo kwenye nyeusi. Mimi sikukata. Yeye ananiambia samaki hasomi futi. Anasema baba, umewajengea watu masanduku marefu membamba yenye bahati, samaki wamepinda migongo. Aliniambia hivyo mbele ya wateja."

"Ni kweli? Walipinda?"

"Baadhi." Alilijibu swali kama mtu anayetoa mwiba. "Mteja anakuja na kisamaki cha urefu wa kidole, anataka tangi la kuweka pale kwenye kona. Nimwambie huyu atakuwa mkubwa kuliko mkono wako? Atakwenda kwa fundi mwingine. Li Ping aliwaambia. Alikuwa anawafukuza watu. Khoo peke yake ndiye aliyesema, basi nijengee kama unavyotaka wewe, mwanangu. Lilikuwa tangi la kwanza kwa jina lake."

"Na kifuniko kile kirefu, chenye pembe za mviringo, ulikitengeneza wewe."

Mzee alimtazama. Kisha akacheka kidogo, kwa aibu, kama mtoto aliyekutwa na sukari mdomoni.

"Nani amekuambia? Siew Gaik?"

"Pembe zako zimeniambia. Ziko kwenye kila tangi humu."

"Basi nitakwambia, lakini usimwambie Li Ping. Nakuomba hilo tu. Atanikasirikia, na tulikuwa tumeanza kusemezana." Alivuta futi yake, akaiweka mezani. "Mdomo wa tangi ni kama mlango, lazima upimwe. Mtoto aliweka mkanda katikati, midomo ikawa miwili. Kila mdomo themanini. Tazama themanini."

Kalsom alitazama. Mstari ulikuwa mweusi.

"Inasema nini?"

"Madhara. Mara mbili, kushoto na kulia, mbele ya uso wa rafiki yangu. Mimi nikae nakunywa chai hapo? Sasa tazama, ukiondoa mkanda unabaki mdomo mmoja." Kidole chake kilikimbia juu ya chuma. "Mia na sabini na tano. Nyekundu. Mali. Nilimngoja Siew Gaik aende Ipoh, tukapunguza maji na Khoo, nikakata gundi, nikautoa, nikamtengenezea kifuniko kipya. Khoo alifurahi sana siku ile. Alisema usimwambie mtoto, atavunjika moyo."

"Na ulipousikia msiba?"

"Nilijua nimechelewa. Tangi lilishakaa na nyeusi miezi miwili. Shari ilikuwa imeshaingia nyumbani." Macho yalimjaa maji, akayafuta kwa kiwiko. "Ningeutoa mkanda siku ile ile tangi lilipoletwa. Hilo ndilo kosa langu, na nimekwambia."

Kalsom hakuandika. Nje mvua ilizidi, paka akaingia na kujificha chini ya meza. Angeweza kuondoka wakati huo. Alikuwa na alichokijia. Lakini maelezo ya kumfungulia mtu lazima yasimame mahakamani, na maelezo ya mzee huyu yalikuwa ya heri na shari.

"Matangi yako hayana mkanda," alisema.

"Mkanda ni wa mtu asiyeamini kioo chake."

"Kioo chako ni cha unene gani?"

"Kumi na tisa. Humu ndani ni kumi na tisa siku zote, tangu baba yangu."

Kalsom alifungua mkoba, akatoa mfuko wa ushahidi wenye kipande kirefu kama kiganja, akamvisha mzee glavu mkono wa kulia, akamwekea mkononi.

"Hiki ni cha mbele, cha tangi la Khoo. Pima."

Mzee hakuhitaji chombo. Alikishika ukingo kwa vidole viwili na Kalsom akaona vidole vimeshajua. Hata hivyo alichukua kipimo chake cha unene, akapima. Akakigeuza kipande, akapima upande wa pili. Akapima mara ya tatu.

"Sema kwa sauti, Mzee Ooi. Nahitaji kukusikia."

"Kumi na mbili."

"Daftari la Li Ping linaeleza. Mlango wa Khoo ni mwembamba, kuna ngazi tatu, wabebaji ni wanne. Kioo cha kumi na tisa wasingekiingiza."

"Akaweka kumi na mbili." Sauti ya mzee ilikuwa ya fundi sasa, kavu, ya mtu anayesoma oda. "Na mkanda wa kuvishika cha mbele na cha nyuma visiachane. Ni sawa. Ni hesabu nzuri. Kwa kina cha sitini, na mkanda, kumi na mbili inakaa miaka ishirini."

"Na bila mkanda?"

"Inatunisha tumbo. Kila siku kidogo. Mtu aliyekaa mbele haoni. Gundi inachoka pembeni." Aliweka kipande mezani taratibu. "Wiki mbili. Wiki tatu."

Kalsom alikirudisha kipande kwenye mfuko.

"Nilipima mdomo," mzee alisema. "Nilipima miguu ya meza. Nilipima mpaka kiti cha Khoo kimekaa umbali gani. Kioo chenyewe nilikishika hivi, kwa mkono, nikikivuta mkanda, na sikukiangalia unene."

"Hukumuuliza aliyejenga?"

"Baba amuulize mtoto?"

Alilisema haraka, kama jibu alilokuwa nalo miaka yote, kisha akalisikia mwenyewe. Akafunika uso kwa mikono yote miwili. Kalsom alisimama karibu naye na hakumgusa, kwa sababu hakujua amguse kama nani. Alikuwa na hasira naye, na alikuwa anamhurumia, na hakuna mahali pa kuandika hayo mawili kwenye fomu.

"Twende kituoni, Mzee. Utasaini, nami nitamtoa binti yako leo."

"Mtoe," alisema mzee. "Mtoe sasa hivi. Mimi nifungeni popote."

Saa kumi jioni maelezo yalikuwa yamesainiwa kurasa zote mbili, na mkubwa wa Kalsom alikuwa amepiga simu kwa mwendesha mashtaka na sauti ya mtu aliyelazimishwa kula tena kilichopoa. Mzee Ooi aliachwa kwenye benchi la mapokezi na askari mmoja. Kalsom alichukua funguo, akashuka mwenyewe.

Li Ping alikuwa amekaa chini, mgongo ukutani, magoti yamekumbatiwa. Alikonda siku sita hizo.

"Uko huru," Kalsom alisema. "Tangi lako halikuwa na kosa. Mkanda uliondolewa wiki tatu kabla. Tunajua ni nani."

Alitegemea machozi, au tusi. Alikuwa tayari kwa vyote viwili. Msichana aliinua uso polepole, na uso ulikuwa na hofu.

"Mmejuaje?"

"Gundi. Kifuniko. Na baba yako ameeleza mwenyewe."

"Ameeleza kwamba aliutoa?"

"Ndiyo."

"Hilo si kitu. Anaweza kuutoa na asijue." Li Ping alijiinua kwa kushika ukuta. "Nakuuliza lingine, Inspekta. Umemwambia kioo kilikuwa cha kumi na mbili?"

Kalsom aliinamisha macho kwenye funguo, na hilo lilitosha.

"Niliingia nyumba ile kabla yenu," Li Ping alisema. "Bibi Tan alinipigia simu kabla ya polisi. Nilikiona kioo cha nyuma, nikaiona gundi ilivyokatwa. Hakuna mwingine mji huu anayekata laini namna ile, hata mimi siwezi. Mzee Khoo alikuwa bado sakafuni. Nikasimama pale nikafanya hesabu, miaka miwili, pengine mmoja nikiwa na adabu. Ningetoka nina thelathini na sita. Nikaona naweza." Sauti yake haikupanda. "Baba ana sitini na nane, na rafiki ni mmoja. Angekufa akiamini ilikuwa shari, si mkono wake. Wewe umekwenda ukamwekea kioo mkononi."

"Nilikuwa natafuta ukweli, mwanangu. Ungefungwa bure."

"Haikuwa bure. Nilikuwa nanunua kitu."

Kalsom alikuwa ameifanya kazi yake sawasawa, kila hatua ilisimama, na kama ingeanza upya angeifanya vilevile. Alifungua mlango hadi mwisho, akasimama kando.

Msichana hakutoka mara moja. Alijifuta uso kwa upindo wa fulana, akakunja nywele nyuma, akazikaza kwa mpira. Aliuliza kama baba yake yuko peke yake, akaambiwa kuna askari. Kisha akapanda ngazi mbele ya Kalsom, mkono ukutani, bila haraka.

Mzee Ooi aliwasikia, akasimama. Alikuwa mdogo kuliko asubuhi. Alifungua mdomo, pengine kuomba radhi, pengine kusema jina la Khoo, lakini Li Ping alimwahi.

"Baba, umekula?"

Mzee alitikisa kichwa. Alikuwa bado amevaa ile glavu ya mkono wa kulia. Hakuna aliyekumbuka kumvua. Li Ping alikaa naye kwenye benchi, akaushika mkono ule, akaanza kuivua kidole kimoja kimoja.